Kisaa cha Kamera ya Marehemu

Rafiki yangu mmoja, fundi kamera, si mtu wa kuzua mambo. Siku moja mjane wa kaka yake alimletea kamera ya marehemu.

"Shemeji, humo mna picha zake za mwisho. Nisafishie."

Kamera ilikuwa na kile kisaa kinachohesabu sekunde kumi kabla ya picha kujipiga, ili mpigaji awahi kuingia kwenye picha. Fundi alikikagua. Springi yake ilikuwa imekatika vipande viwili.

Mchana huo akajifungia kwenye chumba cha giza, mahali usipoona hata kiganja chako. Aliiweka kamera mezani, akawa anapapasa kutafuta kopo la dawa. Mara kisaa kikaanza kunguruma, zzzz, kama nzi aliyenaswa. Akageuka kuelekea mlio. Sekunde kumi zikapita. Kacha!

"Masikio yangu tu haya," alijipa moyo, akaisafisha filamu.

Picha moja hajamwonyesha shemeji yake mpaka leo. Ni ya mwisho, nayo imetoka angavu kama iliyopigwa juani. Fundi yumo, macho yamemtoka pima, na begani kwake umetulia mkono ambao hakuuhisi.