Karatasi ya Shukrani

Mkasa huu ulimpata Jovin, mwenzetu wa soko la Zhanxi huko ughaibuni, mwaka 2009. Siku polisi waliposaka wageni wasio na viza, alijifungia stoo, giza totoro. Rafiki yake Kasmir akagonga, ngo, ngo, ngo: “Kaka, nifungulie!” Jovin akabana pumzi. Kasmir akaruka dirisha la ghorofani kuwakimbia polisi, akafa.

Novemba, kwenye misa ya marehemu, Jovin aliona aibu kuandika jina la Kasmir. Akatumbukiza kwenye sanduku la nia za maombi karatasi ya shukrani tu, kwamba amenusurika.

Martina, msomaji wa nia, alipolinyanyua sanduku, likagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo. Akachomoa karatasi, akasoma:

“Namshukuru Mungu, kaka yangu Jovin amenusurika.”

Akamwonyesha Jovin. Mwandiko ulikuwa wa Kasmir.