Upande wa Pili wa Karatasi

Mtungi ule wa oksijeni haukuwa na kitu. Mama Dekio alijua, maana neno TUPU aliliandika yeye mwenyewe kwa chaki asubuhi ile. Sasa mbona unapumua?

Alisimamisha dekio lake, lile lililompa jina. Saa nane mchana, jua kali dirishani, wodi imejaa wagonjwa wa kifua mpaka sakafuni. Akasogeza sikio. Ndani ya chuma mtu alivuta pumzi, akaishusha. Ikaja harufu ya karatasi inayoungua.

"Sista," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo usikie."

Sista wa zamu akaugonga mtungi kwa kidole. "Huu umekwisha tangu jana, mama. Ungekuwa na oksijeni ningeukumbatia kama mchumba. Nina mitungi minne, wagonjwa thelathini na mmoja. Kanywe maji, utaanguka bure."

Kati ya hao thelathini na mmoja, kumi na mmoja walikuwa majirani zake. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mama Dekio alikuwa amejua kusoma mwaka huo tu, na miaka yake hamsini na mitatu. Ndiyo maana sista alimkabidhi chaki ya mitungi. Karatasi za chanjo ya ugonjwa huo wa kifua zilipoletwa alichukua moja, akasimama uani kwao, akaweka kidole chini ya neno, akasoma. Ho-ma. Ma-u-mi-vu. Da-mu ku-gan-da. Watu wakashika vifua. "Nimesoma kwa macho yangu, sikuambiwa na mtu!" alisema, na siku hiyo alijiona mrefu kuliko nyumba. Upande wa pili hakuugeuza. Macho yalikuwa yamechoka.

Hakuchanjwa mtu. Hata kitinda mimba wake, fundi cherehani, mwenye mimba ya miezi mitano, alisema, "Kama mama kasoma, basi." Sasa alikuwa kitanda cha sita.

"Ho... ma," mtungi ukasema.

Dekio likamdondoka. Ilikuwa sauti yake. Yake kabisa, na kale kakohozi anakokohoa kabla ya neno refu.

Shuka la kitanda cha pili, alipolala muuza mkaa, likabonyea kama mtu kaketi. Alama ya chaki ikaanza kutembea juu ya shuka taratibu, kama kidole kinachofuata mstari. "Ma... u... mi... vu." Muuza mkaa akageuza shingo kusikiliza, na mstari ulipofika mwisho, kifua chake hakikupanda tena. Sista akaja mbio. Shuka la kitanda cha nne likabonyea.

"Sista, limekaa pale!"

"Nani? Mama, nipishe!"

Na alipopishwa sista, na kitanda cha nne kikanyamaza, na harufu ya kuungua ikamjaa kooni hadi machozi yakamtoka, Mama Dekio akaona shuka la kitanda cha sita likishuka pembeni ya tumbo la mwanawe, chaki ikigusa pale pale mtoto anapocheza, akakimbia, akateleza kwenye maji aliyodekia mwenyewe, akainuka na goti linavuja damu.

"Mama," binti alinong'ona, "mbona unanisomea tena? Nimechoka."

"Si mimi, mwanangu. Usisikilize!"

"Mbona sauti yako?"

"Uliniita wewe," ile sauti ikasema ndani ya sikio la Mama Dekio. "Ukanipa mdomo. Niache nimalize."

"Hujamaliza!" Akaitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, imelowa jasho. Akaigeuza. Akaweka kidole. "Dalili hizi... kwa wengi... huisha... baada ya siku chache." Kila neno lilitoka na kipande cha sauti kooni mwake, kama uzi unaovutwa kwenye nguo, na chaki ikarudi nyuma hatua moja, na akaendelea, "Madhara makubwa... ni nadra... Chanjo hupunguza hatari ya kuugua sana... na ya kufa," akasoma mpaka nukta ya mwisho, bila kuruka hata herufi.

Shuka likanyooka. Mtungi ukalia ngo! kama uliopigwa teke, kisha kimya. Binti akavuta pumzi ndefu, akashika tumbo. "Kacheza," akasema.

Mama Dekio akaegemea dirisha, akilia kwa furaha. Chini, nje ya hema la chanjo, foleni ilifika mpaka getini. Hatimaye watu wamekuja.

Ndipo akaisikia sauti yake, huko huko foleni, inakwenda mtu hadi mtu. "Ho-ma. Da-mu ku-gan-da. Nimesoma kwa macho yangu!"

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akatoka kwenye mstari. Kisha mzee mmoja. Kisha watatu kwa pamoja.

Mama Dekio akafungua mdomo awaite, warudi, wageuze karatasi. Akajaza kifua, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Ssssss."

Nyuma yake sista akageuka haraka. "Mtungi gani huo unavuja?"