Mgeni Kutoka Nchi Isiyo na Usiku

Maji yaliyolala uani yalikuwa ya uvuguvugu.

Mwanakombo aliingiza mkono ndooni, akautoa, akauingiza tena. Anayeijua Tunduma mwezi wa saba anajua maji ya asubuhi huuma vidole. Haya yalifaa kumwogesha mtoto mchanga.

"Baba Naila, umetia maji ya moto humu?"

Yahaya alikuwa na simu sikioni. Kazi yake ni kusimamia malori ya watu yavuke mpaka, na malori yalikuwa yamekwama. "Mama Naila, mimi magari hayavuki tangu jana, wewe unaniuliza ndoo?"

Mwanakombo akashika ufagio. Akaanza kufagia, na hapo akasikia harufu kama ya breki za lori lililoshuka mlima mrefu. Akagusa ukuta wa chumba cha mtoto. Ukuta ulikuwa wa moto.

Naila, binti yao wa miaka saba, akatoka nje akipikicha macho. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya banda la kuku. Kivuli cha banda kilielekea barabarani, cha kamba ya nguo kilielekea barabarani, cha Mwanakombo mwenyewe vilevile. Kivuli cha Naila kilielekea jua.

Kwenye zahanati kipimajoto kilipanda hadi mwisho. Muuguzi akakitikisa, akasema kimeharibika, akaleta kingine, nacho kikapanda hadi mwisho. Malaria hakuna. Wakapewa vidonge vya homa, wakarudi nyumbani na mtoto wao anayechoma kama sufuria.

Kila jirani akawa na dawa yake, na kila dawa ilikuwa na moto. Mmoja akamfunika blanketi na nyungu ya majani yanayotoka mvuke. Naila akacheka humo ndani, akaomba uongezwe. Mwingine akaja na chetezo cha ubani, na kabla mtu hajamzuia mtoto alichukua kaa jekundu, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu, kraa, kraa, kama watoto wanavyotafuna barafu, na alipofungua mdomo ulimi ulikuwa mzima, haukuwa hata na alama.

"Basi!" Mwanakombo alipiga kelele. "Kila anayekuja anakuja na moto! Hamna kitu kingine mnachokijua?"

Jirani yake Atuganile, mama yake Brayan, mwenyeji wa Iyula, ndiye aliyebaki naye kumkandakanda mtoto kwa maji baridi. Midomo ya Naila ilikuwa imepasuka, nywele zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi makavu.

"Huyo mgeni aliyempanda mtoto wenu angekuja kwetu msimu wa kahawa," alinong'ona, akijaribu kumchekesha, "tungemlaza chini ya chanja, kahawa ikauke siku moja."

Mwanakombo hakucheka. "Si kahawa inayokauka, Mama Brayan. Mwanangu ndiye anayekauka."

Baada ya swala ya alasiri akaja Shehe Twaibu. Hakuwasha chochote. Akaketi kwenye mkeka, akasoma, akasoma, mpaka shingo ya Naila ikalegea, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto wala ya mtu mzima, ilikuwa kama upepo unaopita ndani ya tanuri la matofali.

"Assalaam alaykum."

Chumba kizima kikanywea. Shehe akaitikia, akauliza, "Umetoka wapi?"

"Mbali. Jua letu ni ndugu wa jua lenu, ila letu limetukalia mlangoni. Ardhi yetu ni kubwa kuliko yenu, na mawe yake hutiririka kama uji. Upande ninaokaa hauna usiku. Dunia yetu hulizunguka jua na kumaliza mwaka kabla ninyi hamjamaliza swala zenu tano."

"Nani alikuita huku?"

"Mama huyu alininywesha. Nilikuwa napita na kiu, akanimwagia maji. Sijawahi kuonja kitu cha baridi namna ile."

Mwanakombo alishika kichwa. Yeye huuza kuku walionyonyolewa kwa mama ntilie wa mpakani, na kila siku humwaga uani maji yanayochemka. Amekulia Tanga; tangu utoto alifundishwa, maji ya moto hayamwagwi chini bila kuwaonya majini kwa kusema, "Bismillahi, pisheni." Jioni ya jana alikuwa na haraka, akamwaga bila kusema.

"Nilisahau," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu anisamehe, ni mimi."

"Toka kwa mtoto," Shehe aliamuru, "usirudi milele!"

"Milele siwezi kuapa. Ndani ya huyu kuna giza, mna ubaridi. Nitajie muda, nami nitautimiza. Sisi hatuvunji kiapo."

Shehe akafungua mdomo aseme miaka elfu. Lakini Yahaya, aliyezoea mpakani kwamba ukipata bei ya kukutoa unaikubali kabla mwenzio hajageuka, akamkatiza. "Mia! Aape miaka mia! Miaka mia sote humu tutakuwa tumeshakufa, Shehe, mtoto anakwisha!"

"Baba Naila, ngoja," Mwanakombo alisema. "Amesema mwaka wao—"

"Mama, usiingilie kisomo," Shehe alisema.

"Lakini amesema—"

"Nyamaza, Mama Naila!"

"Naapa kwa aliyeniumba," ile sauti ikasema. "Miaka mia."

Harufu ya breki ikaondoka. Naila akaomba uji, na kivuli chake kikalala ukutani upande uleule wa vivuli vya wengine. Yahaya akalia, akamkumbatia Shehe. Tusiwalaumu sana, nani kati yetu, mtoto akiwa anakauka mbele yake, angekumbuka kuuliza mwaka una urefu gani?

Mwanakombo alikumbuka, akakosa wa kumsikiliza.

"Mia ni mia," Yahaya alimjibu kila alipoanza.

Shehe alikwenda Kamsamba kwenye mazishi, akakaa huko, na simu yake haikupatikana. Ni Atuganile tu aliyemwambia, "Hata redioni nilisikia. Wataalamu wameona dunia za hivyo huko mbali, zimelikaribia jua lao, mwaka wake haufiki siku yetu moja, ni saa kama kumi na nane tu. Sasa mia ya huko si miezi miwili na kitu?"

Julai ikaisha, na Agosti. Septemba, kabla ya mvua za kwanza, asubuhi moja Mwanakombo alimaliza kunyonyoa kuku, akabeba sufuria, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Bismillahi, pisheni!" Akamwaga polepole pembeni. Kisha akachovya mkono ndooni anawe.

Maji yalikuwa ya moto.

Akageuka. Naila alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu, kivuli chake kimelala mbele yake, kimenyooka kulielekea jua.

"Shikamoo, mama," ilisema ile sauti, kwa upole, kama ya mgeni aliyetimiza ahadi. "Miaka mia imekwisha. Baba alisema mtakuwa mmeshakufa. Mbona bado mko hai?"