Usinipunguzie Mwendo

"Zulfa, mbona huyu mama leo anakimbia?"

Nareyu, aliyeazima simu ya Zulfa kwa sababu yake ilikuwa ikichajiwa, alichomoa hedifoni sikioni akaitazama kama mtu aliyetafuna jiwe ndani ya wali.

"Mama gani?"

"Huyu wa zoezi la kusikiliza. Anayeeleza jinsi mumewe alivyopoteza sanduku kituo cha treni. Mimi namjua, nimemsikiliza mwezi mzima. Huwa anaongea taratibu kama bibi harusi anayeingia kanisani. Leo ana nini?"

Zulfa, muuguzi mwenzake waliyepanga naye chumba hapo Karatu mjini, alikuwa akimenya vitunguu vya Mang'ola huku machozi yakimtiririka. Alijifuta kwa mgongo wa mkono, akasogea.

"Hana kitu. Hiyo nimeipakua mwenyewe asubuhi. Huo ndio mwendo wake."

"Haiwezekani. Nipe simu yangu."

Wakaziweka simu mbili mezani, wakazibonyeza kwa pamoja. Mama wa kwenye simu ya Zulfa alimaliza habari ya sanduku, akaaga, akanyamaza. Wa simu ya Nareyu alikuwa bado anapanda ngazi za kituo.

"Shoga," Zulfa alisema, safari hii bila utani, "hii yako imepunguzwa mwendo. Nani alikutumia?"

Nareyu aliinyakua simu yake mezani. Zulfa aliuliza kwa mazoea tu, maana mtaa mzima ulijua ni nani anayemfundisha Nareyu Kiingereza. Ni Lekoko, mchumba wake, dereva wa watalii, kijana wa Ngorongoro aliyekichota Kiingereza kwa wageni wake mpaka akakijaza kibuyu.

Na Nareyu alikihitaji Kiingereza hicho kuliko maji. Binti huyu wa Kimasai, wa kijiji cha Oloipiri, alikuwa amepata ufadhili wa kwenda Uskoti kusomea ukunga. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa mtihani wa lugha. Kusoma alifaulu, kuandika alifaulu, kuongea alifaulu. Kusikiliza ndiko kulikomwangusha. Sauti hupigwa mara moja tu, ukiachwa, umeachwa. Wafadhili wakampa nafasi ya kurudia, ya mwisho, na siku yenyewe ilikuwa wiki ijayo, Arusha.

Mwezi wote huo alikuwa akipata majibu yote, na Lekoko akimpigia makofi: "Umeiva, mpenzi! Umeiva!"

Nareyu alitoka nje, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko juu ukingoni, mpenzi, wageni wanapiga picha kreta. Umefanya zoezi la leo?"

"Nimefanya lako, na la Zulfa."

"La Zulfa lipi?"

"Lilelile la sanduku. Ila kwa Zulfa yule mama anaongea kama mtu mzima. Kwako anaongea kama mgonjwa anayezinduka kwenye dawa ya usingizi. Nieleze."

Upepo wa ukingoni ulivuma ndani ya simu.

"Nareyu..."

"Mimi ni muuguzi, Lekoko. Ukinificha kidonda nitakifungua mwenyewe."

"Mwanzo nilikuhurumia. Siku ile ulipolia, nikasema nipunguze kidogo upate moyo."

"Hiyo ya mwanzo nimeisikia. Na baadaye?"

"Baadaye ukaanza kuzungumzia viza, na baridi, na koti. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ukifaulu hutarudi. Hawa watu nawabeba kila siku. Wananionyesha picha za nyumba zao. Nani atoke huko arudi kwenye vumbi hili jekundu?"

"Kwa hiyo ukaona bora nianguke."

"Hapana! Kila siku nilisema kesho nitarudisha mwendo. Kesho ikawa kesho."

"Sikiliza. Kwetu ndama hufungwa kamba mchana, watu wakiona. Ungeniambia 'usiende' tungegombana, tungemaliza. Wewe umenifunga nikiwa nakushukuru. Usinipigie tena."

Akakata.

Ndani, Zulfa alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi.

"Lia kwanza, shoga. Halafu tupange."

"Nitalia nikitoka Arusha. Weka hiyo sauti."

Waliiweka. Nareyu akaandika jibu la kwanza, na alipoinua kichwa yule mama alikuwa ameshapita maswali mawili mbele. Wakaweka nyingine, ikawa vilevile. Ya tatu ikamshinda kabisa. Zulfa akaanza kumtazama kama wanavyowatazama ndugu wa mgonjwa mahututi.

"Usinitazame hivyo," Nareyu alisema. "Ngoja nifikiri."

Akafikiri habari za kwao. Oloipiri mgeni akifika na habari, hukaa chini, akaanza: nilitoka mahali fulani, nikamkuta fulani, ng'ombe wako hivi, mvua iko vile. Msikilizaji humwitikia "ee... ee..." mpaka mwisho, kisha huichukua habari hiyo nzima akaipeleka boma la pili bila kudondosha kitu. Hakuna anayemwambia mgeni arudie. Mama yake hakuingia darasani hata siku moja, lakini habari ya asubuhi aliibeba mpaka jioni ikiwa mbichi.

"Zulfa, nimekuwa nadonoa neno mojamoja kama kuku. Habari haidonolewi, hupokelewa. Nitaisikiliza yote, halafu nitakusimulia kwa Kiswahili. Wewe kazi yako kuniitikia tu."

"Niseme nini?"

"Sema ee."

"Ee."

"Si sasa!"

Kesho yake, baada ya zamu, walirudia tena na tena. Mara ya kwanza Nareyu alisimulia nusu. Baadaye robo tatu. Jirani aliyepita kuchota maji aliuliza kama humo ndani kuna maombi.

Ndipo simuni ukaingia ujumbe.

"Sikupigii, umekataza. Nakutumia sauti za wageni wangu. Nimewaambia waongee kwa mwendo wao wote. Nimewaambia wasikuhurumie. Lekoko."

"Zifute," Zulfa alisema.

"Dawa haimwagwi kwa sababu unamchukia mganga."

Ya kwanza ilikuwa ya kijana wa Australia, anaeleza jinsi alivyomwona faru huku mdomo umejaa biskuti. Ya pili mama wa Kihindi akiwagombeza wajukuu wake katikati ya maelezo. Nareyu alizisimulia zote mbili, akadondosha kidogo tu. Ya tatu ilikuwa ya mzee wa Uskoti, hukohuko anakotaka kwenda. Yule mzee alikoroma, akaviringisha maneno kama gari linalopanda kilima cha Rhotia na mzigo.

Sauti ilipokwisha Nareyu akaanza kucheka.

"Unacheka nini? Mimi nimeshika 'mvua' tu," Zulfa akasema.

"Tulia, niitikie. Anasema: binti, kijana wako ametueleza alichokufanyia."

"Ee."

"Ametueleza kwa mdomo wake, bila kuulizwa. Mke wangu akataka tumshushe garini tumwachie nyati. Tumemwacha kwa sababu ndiye anayeijua njia."

"Ee!"

"Anasema: ni mjinga, lakini mjinga aliyekiri bado ana dawa. Uamuzi ni wako. Ukija kwetu chukua koti zito, maana kwetu mvua hainyeshi na kuondoka, huja kukaa."

Zulfa alisahau kuitikia. Alimshika mwenzake mabegani.

"Nareyu! Umesikia yote!"

Nareyu aliifuta michirizi ya machozi ya kicheko, akamwandikia Lekoko maneno machache: "Nimesikia. Leta wengine."

Wakaja wengine, kila siku, mpaka asubuhi ya safari. Lekoko hakuongeza neno lake hata moja.

Arusha, Nareyu aliingia chumba cha mtihani akiwa amevaa shanga za mama yake. Sauti ilipoanza aliweka kalamu chini, akaipokea habari nzima kimoyomoyo: ee... ee... Kisha akashika kalamu na kujibu kama mtu anayepeleka salamu alizotumwa.

Matokeo yalipotoka, alama za kusikiliza zilizipita zile za kuandika. Zulfa alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa zahanati wakaamka.

Siku hiyohiyo mlinzi aliingia chumba cha sindano.

"Sista, kuna Mmasai getini ameshika nyasi. Nimemwambia hapa ni zahanati, si zizi. Hataki kuondoka."

Nareyu alimaliza foleni ya watoto wote ndipo akatoka. Lekoko alisimama juani, fungu la nyasi mbichi mkononi. Karatu yote ilikuwa kavu. Nyasi zile alizitoa milimani kwao. Kwa Wamasai, anayekujia na nyasi anaomba amani, na si vizuri kumpita.

"Umefaulu," alisema.

"Nimefaulu."

"Nimekosa, Nareyu."

"Unajua umekosa nini?"

"Nilidhani nakupenda kumbe nakuchunga."

"Nikikuambia nitarudi, utaamini?"

"Nitaamini."

"Na hofu ikikurudia?"

"Nitakuambia mchana, watu wakiona."

Nareyu alijipangusa mikono kwenye gauni lake la kazi. Kisha akanyoosha mkono, akazipokea nyasi.

"Haya. Hayohayo uyaseme Oloipiri, mbele ya baba. Mimi sitakusaidia hata neno."

Aliyasema. Mzee Ngoyai, baba yake Nareyu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamtoza mtamba kwa kosa, na wengine wa mahari. Mama akambariki binti yake kwa maziwa, na harusi ikachezwa siku mbili. Zulfa, shuka jekundu juu ya hijabu yake, aliruka juu kuliko morani.

Lekoko mwenyewe ndiye aliyeendesha gari mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Walisimama mlangoni, begi katikati yao. Kipaza sauti kikakoroma juu ya vichwa vyao, Kiingereza cha haraka kilichochanganyika na mwangwi.

"Wamesema nini?" Lekoko akauliza.

"Umesikia."

"Sijasikia."

"Lekoko."

Aliinama, akaliokota begi, akamvisha mkewe begani.

"Wamekuita. Nenda, mke wangu."