Kulungu Aliyelowa

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu Verlyn, na Verlyn hajui kubuni mambo. Miaka kumi na mmoja aliomba kibali cha kuwinda kulungu Nevada, kila mwaka ananyimwa. Alipokipata, aliendesha gari siku mbili kutoka kwetu Minnesota akiwa na shemeji yake, Orrin. Siku sita hawakuona hata mkia. Kila bwawa walilolifikia lilikuwa limekauka hadi kupasuka.

"Shemeji, si bora tungebaki kwetu tukavua samaki?" Orrin akamchokoza.

"Ukifungua tena huo mdomo utarudi kwa miguu!"

Jioni ya mwisho, giza likiingia, dume moja likatokea bondeni. Verlyn akalipiga, likaanguka. Pakawa kimya, ila sauti ya kudondoka: to, to, to. Alidhani ni damu. Alipomulika tochi, aliona mnyama amelowa chepechepe, na magugu mabichi ya ziwani yamejisokota kwenye pembe.

"Maji yenyewe yako wapi, jamani?" Verlyn akafoka.

Wakaifuata michirizi ya maji mavumbini kule alikotokea mnyama. Iliwarudisha mpaka kambini, ikakomea mlangoni pa hema lao. Zipu ilikuwa imefungwa vilevile walivyoiacha, na ndani kulisikika: to, to, to.