Mawaridi ya Julai

Kila siku baada ya masomo, Kalina alinunua banitsa mbili za moto, mikate ya tabaka yenye jibini, yake na ya mwanafunzi mwenzake Ognyan, kisha akapanda ngazi hadi chumba cha kompyuta. Shule yao iko Kazanlak, Bulgaria, mji ambao watu huamka alfajiri mwezi wa Mei kuchuma mawaridi. Bibi yake Kalina ni mchumaji hodari, na kwake ndiko wazo lilikotoka: programu ya kusoma joto la kila siku na kutaja tarehe ambayo mawaridi yatachanua.

Ognyan aliandika programu. Kalina aliandika ripoti kwa LaTeX, ambayo unaipa maagizo nayo inakupangia kurasa safi. Sharti la mashindano ya mkoa waliyojiandikisha lilikuwa kali: programu ichapwe ndani ya ripoti, na majaji waendeshe ile ile iliyochapwa. Mwaka uliotangulia shule yao ilitolewa kwa sababu programu iliyochapwa na iliyoendeshwa hazikufanana.

Basi kila Ognyan aliporekebisha faili lake, Kalina alitakiwa kunakili marekebisho kwenye ripoti. Kazi hiyo inachosha, jamani! Alhamisi, Mwalimu Petrana, aliyewasimamia, aliuliza, "Kalina, umelinganisha?"

"Ndiyo, mwalimu. Mstari kwa mstari."

Hakuwa amelinganisha hata mmoja.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, Ognyan aliamua kuijaribu programu kama ilivyochapwa kwenye ripoti. Alipoiendesha, akaangua kicheko.

"Tarehe kumi na tisa Julai! Mwambie bibi yako safari hii atachuma mawaridi akitoka kuogelea!"

Kalina hakucheka. Namba moja ya zamani ilikuwa imebaki kwenye ripoti.

"Si uibadilishe tu? Nani atajua?" Ognyan akasema.

"Na zile ambazo hatujaziona je?"

Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu kabla hajabadili nia. "Mwalimu, jana nilikudanganya. Sikulinganisha kitu."

Mwalimu Petrana alivua miwani. "Umenikasirisha, nami sifichi. Lakini umekuja mwenyewe. Sasa nisikilize: ukinakili, utakosea tu. Tafuta njia ya kuandika mara moja. Kitabu cha LaTeX kipo kabatini."

Kalina alisoma mpaka banitsa ikapoa. Kumbe lipo agizo la kuhifadhi maandishi kwenye faili kama yalivyo, kila nafasi na kila alama! Akaiweka programu nzima ndani ya agizo hilo. Faili likatokea, ila ukurasa ukawa mweupe.

"Umeila programu yangu!" Ognyan akalalamika.

"Nyamaza kwanza."

Chini yake aliongeza agizo la pili: soma faili lile lile, ulionyeshe hapa bila kubadili chochote. Ukurasa ukajaa. Wakapitia programu pamoja, mstari kwa mstari kweli safari hii, wakakuta makosa mengine mawili. Ognyan akaliendesha faili lililotoka kwenye ripoti. Tarehe kumi na sita Mei! Walirukaruka hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Jumamosi, jaji mwenye ndevu aliwatazama kwa mashaka. "Joto mnaloanzia kuhesabu ni nyuzi tano. Lifanye saba, hapa hapa mbele yangu."

Kalina alibadilisha namba moja, mahali pamoja, ndani ya ripoti. Ukurasa mpya ukatoka na saba yake. Ognyan akaendesha faili: Mei ishirini na moja. Jaji alilinganisha karatasi na kioo cha kompyuta, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akatikisa kichwa kulia na kushoto, ishara ambayo kwetu Bulgaria maana yake ni "ndiyo". Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Shule yao ikawa ya kwanza mkoa mzima, na Kalina alilia kwa furaha bila kuona haya.

Wakiwa wanarudi kwa basi na kikombe cha ushindi, Mwalimu Petrana aliketi karibu na Kalina.

"Alhamisi ulikuwa na maneno mawili, la kunionyesha mimi na la kujiwekea mwenyewe," alisema. "Leo unayo mangapi?"

"Moja, mwalimu."

"Basi na mdomo wako uwe kama ripoti hii. Unachoonyesha watu kiwe ndicho ulichohifadhi moyoni. Ukiulizwa ghafla, hutatetemeka."