Kabla Matano Hajatia Kidole

Chiku alikuwa akikuna nazi uani. Mumewe, Matano, alikuwa akisuka dema lake jipya la kutegea samaki. Ilikuwa Jumapili asubuhi kijijini Kanga, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiitawala Mafia. Matano alirudi jana yake tu kutoka kisiwa cha Shungimbili. Alikaa dago huko, kambini mwa wavuvi, siku nne, akivua na nduguye Ussi. Ng'onda wake, samaki waliopasuliwa wakaushwe, walikuwa bado wameanikwa juani.

"Hodi!"

Alikuwa askari wa akida, mkuu wa eneo aliyewekwa na Wajerumani.

"Matano, unaitwa barazani. Ng'ombe wa Bwana Jabir amechinjwa Alhamisi. Ngozi yake imeonekana shambani kwako."

"Shambani kwangu? Mimi hata sikuwapo!"

"Utayasema huko huko."

Bwana Jabir alikuwa na shamba kubwa la minazi hapo Kanga. Mwezi uliopita ng'ombe wake waliingia katika muhogo wa Matano. Wanaume hao wawili walitupiana maneno mazito mbele za watu. Chiku aliyakumbuka maneno yale. Akajitanda leso, akawafuata.

Akida mwenyewe alikuwa safarini. Aliyemhoji Matano ni karani wake, Abeid. Aliuliza na kuandika, aliuliza na kuandika, mpaka adhuhuri. Kisha wakamweka Matano katika chumba cha nyuma. Chiku akaruhusiwa kumpelekea maji.

"Kesho akida anarudi," alisema Matano. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Karani anasema nitie kidole kwenye karatasi, mambo yaishe."

"Karatasi yenyewe inasema nini?"

"Mimi najua kusoma? Ameandika niliyoyasema."

"Amekusomea?"

Matano akatikisa kichwa.

"Basi usitie kidole mpaka nirudi," alisema Chiku. "Wakikuuliza, waambie unamngoja mkeo."

Alikwenda moja kwa moja kwa Shaibu, fundi wa kushona nguo. Kabla ya kushika sindano, Shaibu alikuwa karani wa barazani Chole kwa miaka saba. Alimsikiliza Chiku mpaka mwisho, kanzu ya mtu ikiwa magotini pake.

"Umefanya vizuri kuja leo," alisema Shaibu. "Wengi hungoja. Husema, sijashtakiwa bado, wakili wa nini? Hapo ndipo wanapokosea."

"Lakini fundi, kweli hajashtakiwa. Wanamuuliza tu."

"Sasa ndiyo saa yake. Maneno anayoyasema leo ndiyo yatakayokwenda Chole kwa Bwana Shauri, yule mkuu wa Kijerumani. Yakishatiwa kidole, kuyatoa ni kama kutoa chumvi katika mchuzi. Na huko kuna mnyororo na kiboko. Nimeviona."

"Utakwenda kumsemea?"

"Nitakwenda. Ila sitamfundisha uongo. Kazi yangu ni kuangalia kwamba kweli yake imeandikwa ilivyo. Haya, nani alikuwa naye Alhamisi?"

"Shemeji yangu Ussi."

Lakini Ussi hakutaka. Walimkuta akifungasha nguo zake, anataka kwenda kujificha kwa wajomba zake.

"Mimi mambo ya barazani siyawezi, shemeji. Wakinifunga na mimi je?"

"Mlikula sahani moja dago," alisema Chiku. "Leo unamwacha peke yake?"

Ussi akakaza fundo la furushi.

"Ukikimbia watasema mlichinja wote wawili," alisema Shaibu. "Hutatakiwa kusema neno ila ulichokiona. Usichokijua, sema sikijui. Hakuna aibu."

Ussi akalifungua furushi lake. Akazitoa nguo.

Asubuhi ya pili walifika barazani wote watatu. Akida alikuwa ameketi, Bwana Jabir kando yake. Matano aliletwa.

"Bwana akida, shikamoo," alisema Shaibu. "Nimekuja kumsemea Matano. Naomba jambo moja kwanza. Karatasi isomwe kwa sauti, yeye asikie."

Akida akamwashiria karani. Abeid akasoma. Mambo ya mwanzo yalikuwa sawa. Halafu akasoma: "Nilikula nyama ile."

"La!" Matano aliruka. "Hukuniuliza hivyo! Uliniuliza kama nala nyama. Nikasema, nyama nala, kama mtu mwingine yeyote!"

Abeid aliitazama karatasi yake.

"Kweli, hukusema nyama ile," alijibu polepole. "Nimekosea."

"Hatusemi kwamba karani ni mwongo," alisema Shaibu. "Kalamu ilikwenda mbio. Tunaomba iandikwe upya. Na shahidi wetu asikilizwe."

Ussi alisimama. Alisema walitoka Kanga Jumanne na kurudi Jumamosi. Aliwataja wavuvi wengine wawili waliokuwa dago pamoja nao. Akida aliuliza juu ya ngozi. Shaibu akaeleza kwamba njia ya kisimani inapita katikati ya shamba la Matano, na watu wote huitumia.

"Bwana Jabir," alisema akida, "kuna mtu aliyemwona Matano na ng'ombe wako?"

Jabir alikohoa. "Hakuna. Nilimtaja kwa sababu tuligombana."

"Ugomvi si ushahidi. Sina shauri la kupeleka Chole. Matano, nenda nyumbani."

Njiani kurudi nyumbani, Matano alimgeukia mkewe.

"Nilikuwa nitie kidole, Chiku. Ungechelewa kidogo tu, ningetia."

Chiku akamshika mkono.

Aliyemchinja ng'ombe yule hakujulikana. Lakini karani Abeid tangu siku ile alimsomea kila mtu karatasi yake, na aliyeona kosa alilisema. Watu wa Kanga nao wakazoea kupita kwa Shaibu kwanza, hata kwa jambo dogo.

Miezi miwili baadaye, Bwana Jabir mwenyewe alisimama uani kwa Chiku, jasho likimtoka.

"Shikamoo, Bwana Jabir. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Msimamizi wangu wa shamba ameitwa barazani. Wanasema aliiba magunia ya nazi kavu. Mimi najua hakuiba. Sijui nianzie wapi."

"Ameshatia kidole?"

"Bado."

Chiku, aliyekuwa akitwanga, akauegemeza mchi ukutani.

"Basi twende kwa fundi sasa hivi," alisema. "Njiani uniambie, siku ya wizi huo msimamizi wako alikuwa na nani?"